Seti ya gofu ya mtumba: kutoka fimbo 14 hadi 7

Mimi ni fundi wa injini za boti, Igogo, Mwanza. Gofu nimefundishwa na mzee mmoja jirani yangu, aliyebeba mifuko ya wachezaji Kisumu enzi za ujana wake. Naandika hapa kila hatua ninapoimaliza, na bei zake, ili anayetaka kujitengenezea seti ya bei ndogo asirudie hasara zangu. Hatua zilizokwenda sawa nimezipitia juujuu.

11 Januari 2025: Mfuko mzima kwa pupa

Soko la Mlango Mmoja, saa 3 asubuhi, marobota ya viatu ndiyo kwanza yanafunguliwa. Muuzaji wa vitu mchanganyiko alikuwa na mfuko wa gofu umesimama kati ya magongo ya wagonjwa na raketi za tenisi. Alianzia 250,000. Tukavutana hadi 180,000, nikapanda nao bodaboda, fimbo zinagongana njia nzima kama sufuria za mama ntilie anayehama.

Nilivyovitazama vile vyuma, vyembamba, vinang'aa, mgongo laini kama kisu cha kuchania sangara, nikajua nimepata dili. Nilihesabu fimbo 14 na nilikuwa nimesikia kwamba sheria inataja 14, basi nikaona Mungu ameniletea seti kamili.

Mzee alikuja jioni. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kuzitoa moja moja bila kusema kitu. Alipofika fimbo namba 5 akaisimamisha chini, akaniambia nishike. Uso wake wa kupigia ulikuwa unatazama nyuma.

"Hii ya mashoto, mwanangu."

Fimbo ya pili aliyoiweka pembeni ilikuwa ya mtoto, fupi, imebanwa katikati ya zile ndefu ili kujaza idadi. Nyingine zilikuwa draiva (ile ya kupigia mbali zaidi), mti namba 3 (wa kichwa kinene, nao wa mbali), vyuma vya namba 3, 4, 6, 7, 8 na 9, wedji ya kawaida (fimbo fupi ya kuunyanyua mpira juu), wedji ya mchangani, na pata mbili, zile za kusukumia mpira shimoni. Na kuhusu 14, alicheka. Sheria inasema mchezaji *asizidishe* fimbo 14 mfukoni. Hakuna anayelazimishwa kuzifikisha. "Mimi nimebeba mifuko ya watu wenye 14, wanatumia 6."

Kosa la kwanza kwa hiyo ni langu mwenyewe: nililipia mfuko bila kusimamisha hata fimbo moja chini. Ningetumia dakika mbili tu kuiona ya mashoto.

18 Januari 2025: Chaki

Natumia kiwanja cha wazi upande wa Malimbe, saa 12 asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka na kabla watoto hawajaja na mpira wao. Ardhi ni ngumu na majani ni ya kuhesabu, kwa hiyo napigia juu ya kipande cha zulia la mlangoni. Mipira ya zamani 30, kila mmoja 1,000.

Mzee hakutaka kuzungumzia mikono wala kiuno changu. Alichukua chaki, akasugua uso wa chuma namba 7 mpaka ukawa mweupe, akasema piga, usiangalie mpira umeenda wapi, angalia chuma.

Ukipiga, mpira unaacha doa la duara pale ulipogusa. Unalisoma, unafuta kwa kitambaa, unapaka tena. Mipira 20 ilitoka hivi: madoa 5 katikati, 9 upande wa ncha, 4 upande wa shingo ambako shafti, yaani bomba la fimbo, inaingilia, na 2 chaki haikuguswa kabisa, maana nilikuwa nimeuparura mpira utosini. Ile 5 ya katikati ilikwenda wastani wa hatua 118 (hatua zangu nazilazimisha zifike karibu mita moja). Ile ya nchani ilianguka kati ya 80 na 90, na mkono ulikufa ganzi kama nimepiga nguzo ya umeme.

Hapo ndipo ule wembamba nilioupenda sokoni ulipojieleza. Chuma cha namna hii uzito wake mwingi umekusanyika nyuma ya kitovu. Ukikipiga kitovu, raha. Ukikosea kwa upana wa kidole, kichwa kinajizungusha mkononi na nguvu inapotea. Kimetengenezwa kwa mtu ambaye madoa yake 16 kati ya 20 yanakaa mahali pamoja. Yangu ni 5.

Nimeanza daftari la madoa. Kuanzia leo sinunui fimbo wala sikati chochote bila kupiga mipira 20 ya chaki.

1 Februari 2025: Mizani ya dagaa

Mabega yalikuwa yananiuma, nikataka kujua fimbo zina uzito gani. Nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kwa mama mmoja anayepima dagaa kwa mizani ya kidijitali, nikamwomba aniazime dakika tano. Wateja wake walidhani nakuja kuuza vyuma chakavu. Namba 7 yangu ilisoma gramu 438. Mzee alikuja na namba 7 yake ya shafti nyeusi, ile ya nyuzi za kaboni: gramu 379.

Karibu gramu 60 si nyingi ukizibeba mkononi mara moja, lakini ukizizungusha mara mia asubuhi moja, bega linazihesabu zote.

Kisha tukaona stika. Chini kidogo ya gripu (mshikio) kulikuwa na utepe uliochubuka, umebaki herufi S. Herufi hizi zinaeleza ugumu wa shafti. Kutoka laini kwenda ngumu ni L, A, R, S na X. S ni ya mtu mwenye mkono wa kasi. Mkono wangu una nguvu za kufungulia nati za injini, na hilo lilinidanganya, kwa sababu shafti haiulizi nguvu, inauliza kasi. Kwa mtu wa kasi ndogo shafti ngumu haipindi vya kutosha, mpira unatoka chini na mara nyingi unaelekea kulia. Daftari langu lilikuwa limejaa neno "kulia".

Kwa hiyo nimelipia 180,000 kwa vichwa vya bingwa kwenye shafti za bingwa.

15 Februari 2025: Fimbo tatu, umbali mmoja

Hili ndilo jaribio ningewaomba wote walifanye kabla ya kununua. Nimepiga mipira 10 kwa kila chuma, nimetupa nje mitatu mibaya zaidi, nimepima iliyobaki:

Namba 9: hatua 98
Namba 8: 108
Namba 7: 117
Namba 6: 121
Namba 4: 122
Namba 3: 116

Soma tena mistari mitatu ya chini. Namba 3 inapaswa kwenda mbali kuliko 6, maana uso wake umesimama zaidi na shafti yake ni ndefu kwa karibu inchi moja na nusu (kila namba ya chuma inapishana na mwenzake nusu inchi). Lakini uso uliosimama unahitaji kasi ili mpira upande. Mimi mpira haupandi, unakwenda kama bata anayetaka kuruka juu ya maji akashindwa. Zile fimbo tatu mkononi mwangu ni fimbo moja yenye majina matatu.

Draiva nilijaribu pia, mipira 6 tu. Lofti yake, yaani mlalo wa uso, ni nyuzi 9, shafti ni S. Minne ilikata kona kulia, miwili kati ya hiyo ikaangukia majini kwenye matete. Mzee akaiweka sokisi akasema tuiuze kabla haijatumalizia mipira.

Uamuzi: nauza vyuma 3, 4, 6, 7, 8, 9 na wedji ya kawaida kama kundi, maana ni vya aina moja. Mchezaji aliyezoea alivipenda, akatoa 105,000. Draiva na mti namba 3, 60,000. Pata moja, 10,000. Pata niliyobaki nayo ni ile yenye uzito uliosukumwa kwenye ncha na kisigino, katikati imechimbwa. Umbo hilo lilienezwa na Karsten Solheim, mhandisi wa General Electric aliyeanza kutengeneza pata zake mwaka 1959 na kuziita Ping kwa sababu ya mlio wake. Fundi mwenzangu kabisa: aliona kichwa kinajizungusha, akahamishia uzito pembeni.

8 Machi 2025: Migongo iliyochimbwa, na siku ya thina

Safari hii nilikwenda Mlango Mmoja na chaki mfukoni. Nilipata vyuma vitatu vya aina moja, 6, 8 na W (wedji ya kawaida), mgongo umechimbwa kama bakuli, kitako (upande unaogusa ardhi) kipana, shafti R. Seti ilikuwa imevunjwa, nyingine hazikuwepo. Muuzaji alitaka 35,000 kila moja, nimechukua zote 75,000. Mzee amefurahi kuliko mimi, anasema namba shufwa peke yake ni seti ya mwanafunzi tangu zamani: pengo kati ya 6, 8 na W ni kubwa kiasi cha kuonekana hata kwa mtu anayekosea.

Gripu zilikuwa zimekauka na kupasuka. Nilipata gripu tatu zilizotumika lakini laini, 12,000, na tepu ya gundi pande mbili 3,000. Kazi yenyewe ni rahisi: unachana ya zamani kwa wembe, unasafisha shafti, unazungushia tepu, unalowesha ili gripu iteleze, unaisukuma, unaiacha ikauke. Shida yangu ilikuwa neno "unalowesha". Karakana nina thina ya rangi muda wote, na nikaongeza kopo jingine la 4,000. Nikamimina ndani ya gripu ya kwanza, nikaisukuma, ikaingia vizuri mno.

Baada ya saa moja niliishika ikanibakia mkononi. Si gripu nzima, ni ngozi yake ya juu, nyeusi, inanata kama lami ya barabara ya Kenyatta saa 8 mchana. Thina imekula mpira wa gripu. Nilitembea na kiganja cheusi siku mbili, mteja mmoja akaniuliza nimepiga kura lini.

Suluhisho lilitoka kwa fundi pancha jirani. Nilikuwa namsimulia, yeye akachukua gripu iliyobaki, akatazama tundu dogo la kitakoni, akasema, "Hii si kama gripu ya pikipiki? Ipe upepo." Tulizungushia tepu safu moja, tukaanzisha gripu mdomoni mwa shafti, akabana mdomo wa pampu kwenye tundu na kufungulia kompresa. Gripu ilivimba kidogo kama shingo ya chura, ikateleza hadi mwisho kwa sekunde mbili. Ukiachia upepo inabana. Hakuna majimaji, hakuna kusubiri. Amenitoza 2,000 kwa zote, pamoja na kurudi kufungua ile iliyoliwa na kuweka nyingine kuukuu niliyoisugua kwa msasa na sabuni.

Angalizo: upepo kidogo kidogo. Ukifungulia wote gripu inapasuka, na isielekezwe usoni kwa mtu.

Chaki ya namba 8 mpya, mipira 20: 6 katikati, 9 nchani, 3 shingoni, 2 utosini. Ni madoa yaleyale! Nilisikitika kwanza. Kisha nikapima umbali. Ya katikati hatua 110, ya nchani 97. Kwenye vyuma vya zamani kosa la nchani lilinila hatua 30 hivi. Hapa linanila 13. Fimbo haijanifundisha kupiga. Imepunguza faini.

22 Machi 2025: Msumeno

Hapa nilijiharibia mwenyewe. Nilipata kipimo cha urefu: unasimama wima, mikono imening'inia, unapima kutoka mkononi hadi sakafuni. Nilipima kutoka ncha ya kidole. Kipimo kilitoka kifupi kiasi kwamba jedwali likaniambia mimi ni mtu wa kukatiwa inchi nzima. Nikafunga kwenye jiliwa, nikakata zote tatu upande wa gripu, najisifu kwa mkato ulionyooka.

Mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, ndiko kipimo kinakoanzia. Tofauti na ncha ya kidole ni zaidi ya sentimita 15. Kwa urefu wangu wa sentimita 168 nilihitaji kukata sifuri.

Matokeo nimeyaona siku hiyohiyo. Kwanza, vichwa vilikuwa vyepesi, nazungusha kitu ambacho sikisikii. Pili, mpira ukaanza tena kwenda kulia. Nikabandika tepu nyeupe kwenye kitako na kupiga juu ya ubao: mkwaruzo wote ulikuwa upande wa ncha. Fimbo fupi imenifanya niiinamishe ncha, na ncha ikigusa chini kwanza uso unafunguka kulia.

Nilitaka kuipinda shingo kwenye jiliwa ili kurekebisha. Mzee alinizuia kwa ukali. Vyuma vya kufuliwa hupindika; hivi vya kumiminwa kwenye kalibu huweza kukatika.

12 Aprili 2025: Mti, risasi, na kichwa kilichoruka

Masika yamekolea, kazi za boti ni chache, nimepata muda.

Kurudisha inchi: seremala amenichongea vijiti vitatu vya mninga vya kuingia ndani ya shafti kwa kubana, 3,000. Kila kimoja kina sentimita 12, inchi moja imebaki nje yenye unene sawa na shafti, sehemu nyingine yote iko ndani. Gundi, halafu gripu juu yake kwa kompresa. Zimeshika vizuri.

Vichwa bado vilionekana vyepesi. Wachezaji hutumia utepe wa risasi wa kubandika. Mwaloni tuna risasi za nyavu, zile vidonge wavuvi wanazofunga chini ya wavu uzame. Nimenunua za 2,000, nikazigonga kwa nyundo mpaka zikawa bapa kama sarafu, nikabandika gramu 6 ndani ya bakuli la mgongo wa kila chuma. Nilijaribu kuziweka upande wa shingo, zimenisaidia kidogo mpira usikimbilie kulia. Osha mikono baada ya kushika risasi, na usigongee mezani pa kulia chakula.

Sasa namba 6. Ilikuwa inalia ndani kila nikiitikisa, gundi ya kiwandani imechoka. Niliipasha moto shingoni hadi gundi ikalainika, nikakivuta kichwa kwa kukizungusha, nikakirudisha kwa gundi ya dakika tano, 8,000. Baada ya nusu saa nilikuwa kiwanjani.

Mpira wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu nilihisi wepesi mkononi ambao sijawahi kuuhisi, nikamaliza mzunguko nikiwa na bomba tupu. Mpira ulikuwa bado umekaa juu ya zulia. Kichwa kilikwenda mbele, juu, kinang'aa na jua, kikaangukia karibu na mbuzi aliyekuwa amefungwa pembeni. Mbuzi akasimama, akakinusa. Mtoto mmoja aliyekuwa ananitazama akasema, "Mjomba, leo hiyo ndiyo imeenda mbali."

Nimecheka baadaye, si pale. Kichwa cha fimbo ni robo kilo ya chuma. Tangu siku hiyo simruhusu mtu kukaa mbele wala ubavuni.

Nilichokosea: sikukwangua gundi ya zamani ndani ya shingo, na ncha ya shafti ilikuwa bado inang'aa kama kioo. Gundi haishiki kwenye kioo. Mara ya pili nimekwangua ndani kwa msasa uliozungushwa kwenye penseli, nimeisugua ncha ya shafti mpaka ikawa na mikwaruzo, nimesafisha kwa spiriti, nimetumia gundi ya kukauka taratibu (9,000), nimeiacha saa 24 imesimama ukutani. Kisha nikaifunga kwenye jiliwa na kuivuta kwa nguvu zangu zote kabla ya kuirudisha kiwanjani.

17 Mei 2025: Mti namba 5 na haibridi

Kwa haraka. Mti namba 5, lofti nyuzi 19, shafti R, Mlango Mmoja, 30,000. Haibridi ya nyuzi 24, imetoka Dar kwa basi, 45,000 na mzigo 5,000. Haibridi ni kitu kati ya mti na chuma, tumbo nene, uzito chini na nyuma, ndiyo maana inaunyanyua mpira hata ukiupiga vibaya.

Hatua: namba 6 inanipa 124, haibridi 139, mti namba 5 inanipa 152. Hatimaye kuna ngazi. Zile nyuzi 9 za draiva hazikuwahi kunifikisha hatua 150 nikiwa nchi kavu.

Wedji ya mchangani iliyobaki kutoka mfuko wa kwanza, nyuzi 56, nimeifurahia sana wiki hizi. Ardhi ni laini, inateleza chini ya mpira, mpira unapanda na kukaa.

28 Juni 2025: Ardhi imekauka, wedji imegeuka

Yale niliyoandika Mei kuhusu wedji nayafuta nusu. Mvua zimekatika, kiwanja kimekuwa sakafu. Wedji ileile, mkono uleule, sasa inadunda ardhini na kuupiga mpira kifuani. Leo mmoja umeruka chini kwa chini kama jiwe la manati, umevuka njia, umegonga mwamba na kurudi hadi karibu na miguu yangu. Hapa Mwanza mawe hayakosi.

Sababu iko kitakoni. Ukiisimamisha wedji ya mchangani utaona ukingo wa nyuma wa kitako umeshuka kuliko ukingo wa mbele. Uvimbe huo ni wa makusudi. Gene Sarazen wa Marekani aliongeza risasi ya kuchomelea chini ya fimbo yake ili isizame mchangani, na akashinda nayo mashindano ya wazi ya Uingereza mwaka 1932. Kwenye mchanga au tope uvimbe unaelea. Kwenye udongo mkavu unadunda, na ukingo wa mbele unafika katikati ya mpira. Masika ilikuwa imenificha hilo miezi miwili.

Shemeji amekuja leo kutoka Sengerema, amepita daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa tarehe 19 mwezi huu, bado anasimulia dakika alizotumia. Nimemshikisha fimbo wakati mimi nashika grenda. Diski mpya, 4,000. Nimesaga uvimbe wa nyuma taratibu, naugusisha maji kila sekunde chache usipate moto na kuilegeza gundi ya shingoni, nauweka kwenye meza bapa kila mara kuona ukingo wa mbele umeshuka kiasi gani. Nilisimama mapema kuliko nilivyotaka, maana chuma kikiondoka hakirudi. Kichwa kimepoteza gramu 9, nimezirudisha kwa risasi za nyavu.

Mipira 20 kwenye ardhi tupu: kabla ya kusaga, 11 iliparurwa. Baada ya kusaga, 4. Mvua ya vuli ikija huenda itaanza kuzama. Nitaandika.

19 Julai 2025: Mahesabu

Mfukoni sasa: mti namba 5, haibridi, chuma 6, chuma 8, W, wedji ya mchangani, pata. Saba.

Kutoka: mfuko wa kwanza 180,000, vyuma vitatu 75,000, haibridi na mzigo 50,000, mti 30,000, gripu na tepu 15,000, thina 4,000, kompresa 2,000, gundi mbili 17,000, vijiti 3,000, risasi 2,000, diski 4,000, mipira 30,000. Jumla 412,000.

Kuingia: 175,000 ya vilivyouzwa. Mradi umenigharimu 237,000, ukiacha kiganja cheusi. Mipira imebaki 19, mingine iko kwa samaki.

Vitu viwili havikupata mnunuzi: fimbo ya mtoto na namba 5 ya mashoto. Ya mtoto amechukua yule mtoto aliyeniita mjomba siku ya mbuzi. Namba 5 ya mashoto ipo nyuma ya mlango wa karakana, natumia kuvutia kamba za boti zikinishinda mkono.

Daftari la madoa, namba 8, mipira 20 ya jana: 9 katikati, 8 nchani, 2 shingoni, 1 utosini. Mzee anasema nisimwambie mtu mpaka ifike 12.

2 Agosti 2025

Namba 8 imeanza kulia "kt" kila nikigusa chini. Sijui ni kijiti cha mninga kimekauka au ni gundi ya shingo, ambayo kwenye hiyo sijawahi kuifungua. Nimeipaka chaki kwenye maungio yote mawili na kupiga mara tano. Chaki ya shingoni imepasuka mstari mwembamba, ya juu iko nzima. Basi ni shingo. Gundi ya kukauka taratibu imebaki nusu kopo, inatosha. Naifungua leo jioni, naiacha ukutani mpaka kesho jioni.